Sekunde Thelathini za Kimya Halali

Nchi hii haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utachoka bure, na ukiiona dirishani kwako, funga pazia uendelee kuchambua mchele wako. Hakuna aliyekuonyesha.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo kimya kilikuwa marufuku. Wala haikuwa sheria mbaya. Ilitungwa na watu wenye shahada zao, wamekaa kwenye viti vinavyozunguka. Waligundua kuwa raia akipata kimya hufikiri, akifikiri hukunja uso, na nyuso zilizokunjwa haziwapendezi wageni. Basi ikaamuliwa muziki upigwe alfajiri hadi alfajiri, Nyimbo za Utulivu peke yake, na asikose kuzisikia hata aliye tumboni. Miaka na miaka zilipigwa kwa vipaza sauti vilivyofungwa kwenye nguzo za umeme. Watu wakalala nazo, wakazaa nazo, wakazikana nazo.

Mwaka huu yakaja maendeleo. Vipaza sauti vikang'olewa, na kila nyumba ikapewa vitu viwili: ruta, kisanduku cheupe cha kuleta waifai, na spika janja, kidude cheusi mfano wa kopo la maziwa ya unga, chenye taa ya kijani utosini. Muziki ulitoka kwenye mnara wa serikali, ukaingia kwenye ruta, ukaruka hewani, ukatua kwenye spika. Spika ilikuwa na sauti ya mwanamke aliyelelewa vizuri, na kila asubuhi, kabla hujafumbua jicho la pili, ilisema, "Marahaba." Hujaiamkia. Wizara ilieleza kwamba serikali ni mkubwa wa kila mtu, kwa hiyo shikamoo inahesabiwa imeshatolewa.

Bi Mwatima alikuwa na miaka sitini na tisa, na kuitikiwa marahaba na kopo kulimkera kuliko magoti yake.

"Mbona sijakuamkia," aliliambia siku ya kwanza.

"Nimekusikia," likajibu, na taa ikawa nyekundu.

Tangu siku hiyo akawa anaguna tu.

*

Bi Mwatima alikuwa na mume, Vuai, mshona makubadhi. Kusema "alikuwa na mume" ni kosa katika nchi ile. Inapasa kusema "ana mume". Tutafika huko.

Vuai hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mtu wa mluzi. Kila mchana akitoka kibandani kwake alianza kupiga mluzi kwenye kona ya tangi la maji, wimbo mmoja tu, aliurithi kwa mama yake, hauna jina wala maneno. Akifika ukuta wa kinyozi anakuwa katikati ya wimbo. Akipanda ngazi tatu za baraza anaumaliza. Hapo anakohoa mara mbili, kisha anapiga hodi, nyumba yake mwenyewe, maana alikuwa na adabu. Kwa miaka thelathini na minne Bi Mwatima aliuchuja wimbo ule kwenye kelele za vipaza sauti, akaufuata kama saa ya ukutani: akisikia tangi anaepua, akisikia kinyozi anapakua, akisikia kikohozi ananawa mikono.

Miaka saba iliyopita, siku ya Gwaride la Utulivu, bendi ya taifa ilipita mtaani na tarumbeta zake, na Vuai amekaa kibandani anashona, bila kukusudia, akapiga mluzi wake. Hakushindana na mtu. Bendi ndiyo iliyokosea. Mpiga ngoma mmoja akaanza kumfuata Vuai, akafuata wa pili, na baada ya hatua kumi gwaride zima, na majenerali wake, lilikuwa likitembea kwa mwendo wa mtu anayerudi nyumbani kula.

Kesho yake asubuhi akaja kijana wa serikali, mwembamba, amefunga tai, ana karatasi kwapani.

"Shikamoo, mama. Namhitaji mzee. Maswali mawili tu. Atarudi kwa chakula cha mchana."

Vuai akavaa makubadhi yake. Mlangoni akageuka, akamwambia mkewe, "Leo nipikie mseto wa choroko." Akaenda.

*

Watu hawapotei katika nchi hiyo. Wanakuwa njiani. Ukienda kituo cha polisi utaambiwa mumeo yuko njiani. Ukienda hospitali, yuko njiani. Ukienda makaburini, mchimba kaburi atatazama chini, atapangusa jembe lake, atakwambia, "Mama, nenda nyumbani, yuko njiani." Na kwa kuwa yuko njiani, huwezi kumkalia eda, huwezi kumsomea khitma, huwezi hata kumlilia kwa sauti, kwani mtu anayekuja haliliwi. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alikaa eda kwa siri. Siku ya tatu naye akawa njiani.

Walipozidi kuwa wengi, Waziri alisimama akahutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali imewaachilia watu hawa kwa wakati wake na kwa upendo mkubwa. Sasa tujiulize bila ya jazba: wanarudi kwenye nini? Nani atarudi kwenye sahani tupu? Uzembe wa majumbani, ndugu zangu, uzembe wa majumbani ndio unaowakawiza watu njiani."

Wakapiga makofi, hasa wale waliokaa mbele. Ndipo ikapita Sheria ya Sahani. Kila nyumba yenye mtu njiani imwekee chakula chake cha mchana mezani, kimefunikwa kawa, kiwe cha moto, na kila siku baada ya adhuhuri Mkaguzi wa Joto apite kuhakikisha. Atakayekutwa na sahani baridi ana kosa la kukata tamaa, na adhabu yake haikuandikwa popote, jambo lililowafanya watu waiogope zaidi.

Mkaguzi alipitisha mkono chini ya kawa, akagusa, akafumba macho kama anayepima homa ya mtoto, akasema, "Joto lipo," akapiga muhuri. Hakutazama. Sheria ilimkataza yeye na kila mtu kufunua, kwa sababu kuchungulia chakula kilichofunikiwa mwenyewe ni utovu wa adabu, na ile ilikuwa nchi ya adabu.

Bi Mwatima alipika miaka sita na kitu. Alipika kila kitu isipokuwa mseto. Mseto mkono ulikataa. Jioni chakula kilikwenda kwa paka, na paka wa mtaa ule wakanenepa wakawa wanatembea kama madiwani. Halafu ruta ikaja. Siku moja akiifuta vumbi akaona ina joto. Akaigusa asubuhi, ya moto. Akaigusa adhuhuri, ya moto. Akaitazama ruta, akalitazama kawa, akaitazama ruta tena.

Kuanzia siku hiyo ruta ililala ndani ya sahani ya bati, juu yake sahani nyingine ya bati imefudikizwa, waya umetokeza pembeni kama mkia wa panya, na kawa juu ya vyote. Mkaguzi akapitisha mkono.

"Joto lipo. Leo umepika nini, mama? Naona kama kinanguruma."

"Maharage," akasema Bi Mwatima.

*

Mchana ule ule muziki ukakatika.

Haukupungua, haukukwaruza. Ulikuwa katikati ya wimbo wa kusifu barabara mpya, mara ukaishia kwenye "ba". Spika ikasema, "Samahani. Natafuta mtandao," kisha nayo ikanyamaza.

Bi Mwatima hakuwahi kuisikia nyumba yake. Kumbe bomba la jikoni lilikuwa likidondosha. Kumbe mlango wa chumbani ulikuwa na sauti yake ndogo, kama mtu anayetaka kusema jambo akaahirisha. Alisimama katikati ya ukumbi na ufagio mkononi, akahisi nyumba nzima imemgeukia inamtazama. Basi hofu ikamshika, na kwa hofu akafanya alichofundishwa kufanya raia mwema: alipiga simu Wizara ya Mawimbi ya Majumbani akaripoti kimya. Wakampa namba ya tatizo, elfu arobaini na mia moja na kumi na nane, wakamwambia asubiri wataalamu. Hata simu haijapoa mkononi, muziki ukarudi.

Kesho yake ukakatika tena. Safari hii hakuogopa, alikaa akasikiliza bomba. Na nyuma ya bomba, mbali, kwenye kona ya tangi la maji, akasikia mluzi.

Pumzi nne za mluzi, halafu muziki ukarudi ukaufunika.

Siku ya tatu mluzi ukaanzia pale pale ulipoachia, ukasogea hatua chache. Siku ya nne akaitambua sehemu ile ya kupanda na kushuka ambayo Vuai alikuwa akiipiga kila anapokwepa shimo la mbele ya duka la mafuta ya taa. Siku ya tano, shimo limeshapitwa. Kila muziki ukikatika alisogea. Kila ukirudi alisimama alipo. Serikali ilikuwa imesema kweli miaka yote saba, na hilo ndilo lililomtoa Bi Mwatima jasho: mumewe alikuwa njiani. Ila njia yenyewe ilikuwa imejaa muziki, hakupata pa kupita.

Jirani yake Bi Hidaya, mwenye kaka yake njiani mwaka wa nne sasa, alimsubiri ukutani akianika nguo ambazo tayari zilikuwa kavu.

"Shoga, nyumba yako jana ilinyamaza."

"Ilikuwa inameza mate."

"Haya. Mimi sikusikia kitu." Bi Hidaya akaibana nguo vibanio vitatu. "Na huo mluzi ndiyo sikuusikia kabisa."

"Nani kataja mluzi?"

"Hakuna aliyetaja. Ndiyo nakwambia sikuusikia." Akashusha sauti. "Umefika wapi?"

"Karibu na kinyozi."

Bi Hidaya akaliokota beseni tupu, akalikumbatia kama mtoto. "Basi usiwaite mafundi, Mwatima. Chondechonde."

"Nimeshawaita," akasema Bi Mwatima.

*

Alikwenda Wizarani na baibui lake la Ijumaa, siku ya Jumatatu, kufuta malalamiko. Dirisha la kwanza lilikuwa la Malalamiko, la pili la Pongezi, la tatu la Pongezi za Dharura. Hapakuwa na dirisha la kughairi. Akarudi la kwanza.

"Mwanangu, kile kimya nilichoripoti nimeshakizoea. Nifutie."

Karani alimtazama kwa huruma ya kikazi. "Bibi, malalamiko hayafutwi."

"Hata mwenyewe akitaka?"

"Malalamiko ni mali ya serikali. Kinachoweza kufutwa ni mlalamikaji." Akageuza karatasi. "Na hongera, tatizo lako limepandishwa daraja. Unakuja ujumbe kamili wa wataalamu. Watakufungia na kikuza mawimbi kwenye dari. Kikishafungwa kile, muziki haukatiki tena mpaka siku ya parapanda, na hiyo parapanda yenyewe itabidi isubiri zamu."

Bi Mwatima alirudi nyumbani kwa miguu, akihesabu. Kutoka ukuta wa kinyozi mpaka hodi zilikuwa pumzi arobaini. Alijua, miaka thelathini na minne alipakua kwa pumzi zile. Mluzi ulikuwa umefika ukutani kwa kinyozi. Alihitaji kimya cha pumzi arobaini, cha mkupuo mmoja au vipande vipande, kabla ya mtu kupanda darini.

Siku hiyo, kwa ukaidi, muziki haukukatika hata mara moja.

*

Ujumbe ulifika Jumanne saa nne asubuhi, watu tisa na ngazi. Mbele alitangulia Dokta Ngwali, Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Mawimbi, mtu mzito, suti imembana kwapani, amebeba kitabu chekundu cha Hatua. Nyuma yake walikuja mshika ngazi, msaidizi wa mshika ngazi, na wengine ambao kazi yao ilikuwa kukubali kwa kichwa. Wa mwisho alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepauka kwa kufuliwa, anaitwa Silima. Huyu cheo chake kilikuwa Mhesabu Thelathini. Wizara iligundua kuwa ruta ikizimwa na kuwashwa tena hupona maradhi mengi, lakini katikati ya kuzima na kuwasha lazima zipite sekunde thelathini. Kwa kuwa hicho ni kimya, na kimya ni marufuku, sheria ilimteua mtu mmoja wa kukihesabu kwa sauti, na bila yeye kutamka "thelathini" hakuna mkono ulioruhusiwa kugusa swichi.

Dokta Ngwali akaketi bila kukaribishwa. Akafungua kitabu.

"Bibi, usiwe na wasiwasi," akasema. "Maswali mawili tu."

Bi Mwatima, aliyekuwa akimimina maji kwenye gilasi, aliendelea kumimina mpaka yakamwagika kwenye trei, kwenye meza, kwenye vidole vya miguu yake. Miaka saba ilikuwa imemnenepesha yule kijana wa tai. Sauti haikunenepa.

"Swali la kwanza. Spika na ruta zako ziko kwenye mtandao mmoja?"

"Ziko kwenye nyumba moja."

Vichwa vikakubali. Ikaandikwa.

"La pili. Ruta iko mahali pa juu, pa wazi, mbali na ukuta na mbali na vyuma? Kitabu kinasema chuma huziba mawimbi. Ruta ikizungukwa na bati, kwa mfano, muziki utakatika kila saa."

Bi Mwatima alilitazama kawa juu ya meza. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la saba, lakini hapo alielewa kila kitu kwa mara moja, bati na kimya na mluzi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba akataka kucheka, akajizuia, maana mbele yake waliketi watu wa serikali.

Dokta Ngwali naye alikuwa ameuona waya. Aliufuata kwa macho kutoka ukutani, sakafuni, mguuni kwa meza, mpaka ulipoingia chini ya kawa. Akaliinamia kawa, akanusa.

"Bibi, hapa chini pana nini?"

"Chakula cha mume wangu. Yuko njiani."

"Kina waya."

"Ni mtu wa mambo mengi."

Aliinua mkono kufunua. Mmoja wa wakubali kwa kichwa akakohoa na kumnong'oneza kifungu cha Sheria ya Sahani. Mkono ukabaki hewani, ukashuka, ukapangusa suruali ambayo haikuwa na vumbi. Mkaguzi wa Joto peke yake angeweza kuugusa ule mlo, na yeye asingeweza kuutazama. Dokta Ngwali angeweza kuutazama kila siku ya maisha yake, lakini ukiwa umefunikwa. Ujumbe ukajadiliana dakika ishirini. Uamuzi ulikuwa kwamba, kwa kuwa ruta ya mteja haionekani kisheria, utazimwa mtandao wa mtaa mzima, ruta zote pamoja, kutoka kwenye nguzo, kisha utawashwa, na papo hapo kikuza mawimbi kitafungwa.

"Mtaa mzima?" akauliza Bi Mwatima.

"Sekunde thelathini, bibi. Halali kabisa."

Fundi akapelekwa nguzoni. Ngazi ikaegemezwa kwenye tundu la dari, kikuza mawimbi kikapandishwa. Silima akasogea karibu na mlango wa jikoni, mahali pake pa kuhesabia, akajilamba midomo. Bi Mwatima akamfuata na gilasi ya maji.

"Kunywa, mwanangu. Wewe unahesabu kwa haraka?"

"Nahesabu kwa mujibu wa kanuni, mama."

"Mimi nahitaji pumzi arobaini."

"Zipo thelathini tu." Akanywa. Hakuuliza za nini. Akasema, macho kwenye gilasi, "Kanuni haisemi pumzi ya nani."

"Una mtu njiani?"

"Mama yangu mzazi. Alicheka kwenye mkutano. Hatujui hata alichekea nini."

Nje fundi akapiga kelele kwamba yuko tayari. Dokta Ngwali akainua kidole.

"Zima."

*

Kimya kilishuka juu ya mtaa mzima kama shuka linalotandikwa, kwanza nyumba za juu, halafu za kati, halafu ya Bi Mwatima.

"Moja," akasema Silima.

Bomba likadondosha.

"Mbili."

Kwenye tano mluzi ukaanza, ukutani kwa kinyozi, wazi kabisa, katikati ya wimbo. Wakubali kwa kichwa wakatazamana. Dokta Ngwali akageuza ukurasa wa kitabu, akaugeuza tena ulikotoka.

"Nani anapiga mluzi? Atafutwe jina."

Hakuna aliyesogea. Kwenye kumi na mbili yakasikika makubadhi, ngozi ikiburuzika kidogo kwenye kisigino cha kushoto. Bi Mwatima alikuwa ameushika ukingo wa meza. Na mbali, mitaa ya juu, pakasikika vitu vingine: fimbo ya mtu mzima ikigonga lami, bangili, kicheko cha mwanamke kilichokatizwa, baiskeli inayosukumwa. Mtaa ulikuwa unajaa watu ambao hawakuonekana dirishani.

Kufikia ishirini Silima alikuwa akivuta pumzi ndefu baina ya namba na namba, ndefu kama za mtu anayelala. "Ishirini na moja," akasema, akapumzika, akatazama dari. "Ishirini na mbili."

"Harakisha wewe," akasema Dokta Ngwali.

"Kanuni inakataza kumsemesha Mhesabu, Mheshimiwa. Naweza kulazimika kuanza upya."

Ngazi ya kwanza ya baraza. Ngazi ya pili. Ya tatu. Wimbo ukaisha pale ulipoishia siku zote.

"Ishirini na tisa," akasema Silima.

Nje mtu akakohoa mara mbili.

Silima alifungua kinywa. Thelathini ilikuwa pale, ulimi umeshaishika. Aliutazama mlango, akamtazama Dokta Ngwali, akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia zamu ya maji:

"Mheshimiwa, mtaa wetu sisi utazimwa lini?"

"Hodi," ikasema sauti ya nje.

Kila mtu wa nchi ile, iwe ipo au haipo, anajua kuwa hodi ni tatu. Ukipiga ya tatu usiitikiwe, unaondoka zako, na huna lawama.

"Asiitike mtu," akasema Dokta Ngwali. Jasho lilimtoka hata kwenye vidole. Alipekua mkoba wake, karatasi zikamwagika sakafuni: Fomu ya Kuwa Njiani, Fomu ya Kuendelea Kuwa Njiani, Fomu ya Kuwa Njiani kwa Muda Mrefu Bila Sababu za Msingi. "Fomu ya kufika iko wapi? Mtu hawezi kufika bila fomu. Silima, sema thelathini. Nakuamuru, sema thelathini."

Silima akafunga kinywa.

"Hodi," ikasema sauti. Haikuwa na hasira. Ilikuwa kavu tu, kama ya mtu aliyekula vumbi la safari ndefu.

Kutoka upande wa pili wa ukuta wakamsikia Bi Hidaya, nyumbani kwake, akimwitikia mtu mwingine. "Karibu," alisema, na neno likampasukia katikati, akalianza tena. "Karibu, kaka."

Bi Mwatima alitaka kuitika, akakumbuka sahani. Miaka saba aliamriwa kuweka chakula, na siku mwenyewe amefika, mezani pamekaa mtambo wa serikali. Aibu ikamshika, aibu ya kawaida kabisa ya mwanamke aliyekutwa hajapika, nayo ikawa kubwa kuliko hofu.

"Hodi," mara ya tatu, na kisigino cha kushoto kikageuka ngazini.

"Karibu," akasema Bi Mwatima. "Karibu, mume wangu. Ila utanisamehe, mseto bado."

*

Mlango haukuwa umefungwa kwa komeo. Ulifunguka taratibu, ukaingiza harufu ya ngozi na gundi. Wakubali kwa kichwa waligeukia ukuta kwa pamoja, na mpaka leo wanaapa kuwa ukuta ule ulikuwa na picha nzuri. Bi Mwatima hakugeuka mara moja. Alijitengeneza mtandio kwanza.

"Mheshimiwa," sauti ya Vuai ikasema mlangoni, kwa upole ule ule wa kumwuliza mteja namba ya kiatu. "Kuna watu hapo nje wanakuhitaji. Si kwa ubaya. Maswali mawili tu. Utarudi kwa chakula cha mchana."

Hakuna aliyemshika Dokta Ngwali. Alisimama mwenyewe, akabana kitabu chekundu kwapani, akaangalia huku na huku kama anayemtafuta mkubwa wake. Viatu vyake vya kumetameta vikashuka ngazi tatu, vikapita ukuta wa kinyozi, vikakwepa shimo la mbele ya duka la mafuta ya taa, na kwenye kona ya tangi la maji vikanyamaza. Vilisindikizwa na makubadhi, ndara, fimbo na bangili, nyingi, zisizo na haraka.

Ukumbini kiti cha Vuai kililia kwa kukaliwa.

Bi Mwatima aliingia jikoni, akashusha mkebe wa choroko kutoka rafuni, akateka vibaba. Kimoja chake. Kimoja cha Vuai; kama bado anakula au sasa hali kitu, hilo litajulikana. Kimoja cha Silima, aliyesimama bado kwenye mlango wa jikoni na ishirini na tisa yake. Akateka cha nne, akafikiri, akakirudisha.

Lakini sheria ni sheria. Alirudi ukumbini, akainua kawa na zile sahani mbili za bati na ruta iliyo ndani yake, akazihamishia upande wa meza aliokuwa amekaa Dokta Ngwali, mbele ya kiti chake kitupu. Akazifunika vizuri. Akapitisha mkono chini ya kawa, akafumba macho.

"Kimeanza kupoa," akasema.

Silima akamtazama. Nyumba ilikuwa kimya, mtaa ulikuwa kimya, na mle ndani ya kimya mtu alikuwa ameanza kupiga mluzi kwa sauti ya chini, kama anayengoja chakula.

"Niseme thelathini, mama, kipate moto?"

"Usiharakishe, mwanangu," akasema Bi Mwatima, akaziosha choroko maji ya pili. "Hizi bado ngumu."